Mwalimu wa mpira wa kikapu na mwanafunzi wake

Vijana wetu wengi wanapenda mpira wa kikapu. Yafaa basi tujue asili yake.

Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alipewa vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya siku za baridi. Vikapu viwili vya matunda vikapigiliwa juu, huku na huku. Naye akaandika sheria 13, akawagawa tisa kwa tisa.

Mwaka 1933 kijana mweusi, John McLendon, alifika katika universite ya Kansas, alipokuwa akifundisha Naismith. Weusi hawakukubaliwa katika timu. Lakini mzee yule akampokea, akamfundisha kazi ya kuongoza wachezaji.

Tarehe 12 Machi 1944, mjini Durham, vijana wa McLendon walicheza kwa siri na wazungu wa shule ya uganga ya Duke, milango imefungwa, kwani huko weusi na weupe walikatazwa kucheza pamoja. Walishinda 88 kwa 44. Kisha wakachanganyika, wakacheza tena kama ndugu. Baadaye, miaka 1957, 1958 na 1959, McLendon aliiongoza timu ya Tennessee A&I kupata ubingwa mara tatu mfululizo.

Basi ninyi mnaofundisha vijana, mtoto asiyepata nafasi katika timu msimfukuze uwanjani. Mpeni filimbi, mwelezeni sheria. Pengine ndiye atakayewafundisha wadogo zake kesho.