Uhalisia Pepe, Uhalisia Wenye Nyongeza na Uigaji wa Kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyaya za ndege za Boeing zilifungwa mafungu mafungu juu ya mbao kubwa. Kila ubao ulikuwa na mchoro wa ukubwa kamili, na fundi alilaza waya mmoja baada ya mwingine, akifuata mistari na kupita kati ya vigingi. Mpango wa nyaya ukibadilika, ubao nao ulitakiwa kubadilishwa. Tom Caudell na David Mizell, watafiti wa kampuni hiyo, wakatoa wazo: ubao uachwe mtupu, fundi avae kichwani kifaa chenye kioo kisichomzuia kuona, na kompyuta imchoree juu ya ubao huohuo njia ya waya alioushika. Walilieleza wazo hilo katika makala ya mwaka 1992, na jina la Kiingereza walilolitumia ndilo tunalohangaika kulitafsiri hadi leo.

Tafsiri inayosikika sana ni "uhalisia ulioboreshwa". Siikubali. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa, na ubao wa Boeing haukuwa bora kwa lolote. Ulibaki ubao, mstari tu uliongezwa mbele ya jicho la fundi. Tena mstari huo unaweza kukosea. Fundi akigeuza kichwa na kompyuta ikachelewa kujua ameelekea wapi, mchoro huteleza pembeni kwa upana wa kidole, na waya ukaingia tundu lisilo lake. Hapo kimeboreshwa nini? Neno linalokisifu kifaa kabla hakijafanya kazi halifai kuwa istilahi. Napendekeza "uhalisia wenye nyongeza": uhalisia upo, na juu yake pana kitu cha ziada, kiwe sahihi au kisiwe.

Jina hilo linatuonyesha pia ugumu uliko. Watafiti wale walitambua kwamba kompyuta yao haikulazimika kuchora karakana nzima. Mistari michache na maandishi vilitosha, kwa kuwa mengine yote fundi aliyaona kwa macho yake. Shida ilikuwa kuilaza nyongeza mahali pake hasa na kuifanya itulie hapo kichwa kinapotikisika.

Katika "uhalisia pepe" mambo ni mengine kabisa. Hapa jicho hufunikwa. Ubao, karakana na mwanga wa dirishani hutoweka, na kila kinachoonekana kimechorwa na kompyuta. Neno "pepe" tumelizoea katika barua pepe, lakini wakulima wa mpunga nao wanalo: pepe ni punje yenye ganda kamili isiyo na kiini. Kwa kazi za mikono neno hilo limekaa vizuri mno. Mwanafunzi wa uchomeleaji aliyevaa kofia ya uhalisia pepe huona cheche, husikia mlio wa moto, huona mshono ukitambaa kati ya vyuma viwili. Ganda lote lipo. Joto halipo, moshi haupo, wala hakuna tone la chuma kilichoyeyuka litakalodondokea kiatu chake.

Faida yake ni kubwa, na nisingependa ipuuzwe. Mashine hupima pembe ya mkono, mwendo wake, na umbali kati ya ncha ya waya na chuma. Kisha humwonyesha mwanafunzi mahali alipoharakisha na mahali mkono ulipopanda. Anaweza kurudia mshono uleule mara nyingi bila kumaliza gesi, waya wala vipande vya chuma, na kwa chuo kinachohesabu kila kijiti cha kuchomelea, hilo si jambo dogo. Lakini uvumilivu wa joto hajajifunza, na mwalimu anayeijua maana ya pepe atampeleka mapema kwenye moto wa kweli.

Neno la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni uigaji. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alitengeneza mashine ya kufundishia urubani. Mivukuto na hewa iliyobanwa, ufundi alioujua kutoka kwenye vinanda, viliifanya iiname na kugeuka. Mwanafunzi aliyejifunza kuruka kwa kutegemea mita alifunikwa kifuniko juu, asione mawingu wala ardhi. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipokabidhiwa usafirishaji wa barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika hali mbaya ya hewa, nalo likanunua mashine 6 za Link.

Mashine hizo hazikuwa na picha hata moja ya anga, na bado uigaji ulikuwa umetimia. Ziliiga kile ambacho ndege humdai rubani aliyemo ndani ya wingu: kuziamini mita kuliko hisia za mwili wake. Ndiyo maana sipendi uigaji uitwe "uigizaji". Kuigiza kunahitaji watazamaji, na mtazamaji akisadiki, kazi imekwisha. Katika karakana tuliyoizoea, mwanagenzi ndiye anayemwiga fundi. Kwenye mashine ya Link na zilizofuata, mashine ndiyo inayoiga kazi, naye mwanagenzi anaifanya. Anayenunulia chuo vifaa vya aina hii aanze kwa kuuliza ni dai gani la kazi linaloigwa. Uzuri wa picha anaweza kuuangalia baadaye.

Maneno haya yakichanganywa hata tangazo la usalama ukutani linaharibika. Mwenye kifaa cha uhalisia wenye nyongeza anaweza kusimama kando ya mashine inayozunguka, kwa sababu bado anaiona, ingawa maandishi yaliyojaa mbele ya jicho yanaweza kumzuia asiione foklifti inayomjia. Mwenye kofia ya uhalisia pepe haoni chochote cha pale alipo. Anahitaji chumba kisicho na vitu vya kujikwaa, mtu wa kumwangalia, na kiti karibu, maana macho yakimwambia anatembea huku sikio la ndani likisema amesimama, kichefuchefu humpata.