Mikono ya Tanga: Tarehe ya Gitaa la Umeme Katika Mji wa Mkonge

Mkonge ndio uliolileta gitaa Tanga. Miche aliyoingiza Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ilipona 62 tu, lakini humo ndimo yalimotoka mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani. Reli iliyoanza kujengwa mwaka huohuo ikafika Moshi mwaka 1911. Manamba wakaja kutoka bara kwa maelfu. Mji ukajaa watu wa kila kabila, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na usiku wa Jumamosi wa kuutumia, na bila watu hao bendi ya dansi haisimami. Jamhuri Jazz yenyewe, fahari ya Tanga, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Pwani ya Wadigo, Wabondei na Waswahili ikacheza dansi la watu waliotoka mbali, na baada ya muda haikukumbuka tena kwamba walikuwa wageni.

Magitaa ya mwanzo yalikuwa galatoni, ya mbao, yaliyouzwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. John Lennon naye alianzia hapo: galatoni ndiyo aliyoipiga Liverpool mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Mimi hufurahi kila ninapokumbuka kwamba kijana wa Liverpool na vijana wa huku kwetu walijifunzia chombo cha aina moja. Asiyekuwa na hela alijiundia la kwake kwa ubao, debe na waya wa breki ya baiskeli. Nyimbo za kukopi zilitoka kwenye santuri za Cuba za namba za GV, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933, kisha zikaja za Kongo.

Umeme ulipoingia kwenye nyuzi, bendi za Tanga zikabadilika. Chini ya waya wa chuma kuna sumaku iliyozungushiwa nyuzi nyembamba za shaba. Waya ukitikisika, mkondo wa umeme unazaliwa na kwenda kwenye ampu. Wapiga blues wa Chicago, na baada yao Waingereza waliowaiga, waliipandisha ampu mpaka ikakoroma, wakawa wanauvuta waya ulie. Tanga haikuifuata njia hiyo. Mpiga solo wa Tanga alitaka sauti safi, kavu, iliyo juu, kila noti isimame peke yake, kwa sababu hakuwa peke yake jukwaani: pembeni yake kuna ridhim, nyuma yao besi, na kila mmoja ameachiwa nafasi yake. Kwa sikio langu hiyo ndiyo alama ya mji huu. Magitaa matatu yanapokezana kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, na atakayepiga zaidi ya zamu yake ataharibu.

Miaka ya 1960 ndiyo ilikuwa kilele. Jamhuri Jazz upande huu, Atomic Jazz upande ule. Atomic ndio waliotuachia "Tanzania Yetu", na solo lao lilikuwa mikononi mwa John Kijiko. Wakati huohuo gitaa likaingia hata kwenye taarabu. Black Star, na Lucky Star iliyotokana nayo, hawakung'ang'ania msafara mkubwa wa fidla kama wa Unguja. Walichukua gitaa na besi, wakazifunga kwenye mapigo ya ngoma za pwani, wakamweka mbele Shakila binti Said, aliyetoka Pangani. Taarabu ya Mombasa na Dar es Salaam ilijifunza mengi kwao, na naona Tanga haijalipwa sifa yake kwa hilo.

Lakini gitaa lilikuwa la nani? Swali hili ndilo linaloitenga tarehe yetu na ya wenzetu. B.B. King aliliita gitaa lake Lucille, baada ya kurudi ndani ya ukumbi uliokuwa ukiungua huko Twist, Arkansas, mwaka 1949 ili aliokoe. Rory Gallagher wa Ireland alinunua gitaa lake la Stratocaster mwaka 1963 na kubaki nalo mpaka rangi ikabanduka. Kwetu, vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ilikuwa ya chama, ya shirika au ya tajiri. Mwanamuziki alipewa gitaa jioni, akalirudisha usiku wa manane. Akihama bendi, alihama na vidole vyake tu. Ndiyo sababu hatuna majina ya magitaa, tuna majina ya mikono. Mpenzi wa dansi hakuuliza gitaa gani. Alisikia noti chache redioni akajua nani anapiga.

Mikono iliyokwenda mbali zaidi ni ya ndugu wa Kinyonga. Wilson na George walikuwa vijana wa Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 waliondoka kwenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, na mwaka uliofuata wakavuka hadi Nairobi, kulikokuwa na studio, na pia viwanda vya santuri ambavyo Tanzania haikuwa navyo. Huko wakajiita Simba Wanyika. Kenya yote ikacheza ufundi wa Tanga.

Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Omar Shabani wa ridhim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu wakaondoka, akajiunga nao John Ngereza, wakawa Les Wanyika. "Sina Makosa", utunzi wa Omar Shabani, ukaingia mioyoni mwa watu: hakuna sherehe ya Afrika Mashariki isiyoujua. Usikilize tena, safari hii ukiwaacha waimbaji. Ridhim inazunguka palepale bila kuchoka. Besi inasema neno, inanyamaza, inasema tena, na ule ukimya wa Malanga ndio unaomnyanyua mtu kitini. Hakuna anayejionyesha. Mpiga blues angetaka dakika mbili za solo katikati, hawa hawakuzihitaji.

Simba Wanyika walitoa "Pepea" mwaka 1992, na mwaka huo George akafariki. Wilson alimfuata mwaka 1995, mwaka uleule alioondoka Rory Gallagher, na bendi ikaishia hapo. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, Ngereza mwaka 1999. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa humtaja mwimbaji na bendi, kisha huendelea na wimbo mwingine. Naomba wawataje na wa ridhim.