Herufi Nne za Gia

Ukiingia katika motokaa yenye gia za otomatiki, utaona herufi zilizopangwa kandokando ya mkono wa gia: P, R, N na D. Usidhani zimepangwa ovyo, msomaji. Mpango huo ulipatikana baada ya watu kuumia.

Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza gia iitwayo Hydra-Matic, ikaitia katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940. Humo gia ya kurudi nyuma ilikaa ubavuni pa gia ya chini, ile itumikayo milimani. Fikiri basi: dereva anateremka mlima, anavuta mkono apate gia ya chini, mkono unapita kidogo tu, na motokaa iendayo mbele inaamriwa kurudi nyuma! Viwanda vingine vilikuwa na mpango mwingine, hata aliyebadili motokaa akachanganyikiwa.

Dereva ndiye aliyelaumiwa. Lakini mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader, katika kitabu chake Unsafe at Any Speed, alionyesha kwamba mpango wenyewe ulikuwa na hatari. Tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani ikaagiza kwamba N, isiyoendesha magurudumu, ikae kati ya gia ya kurudi nyuma na gia za kwenda mbele.

Wahenga walisema, ajali haina kinga. Hata hivyo, iangalie N ilivyosimama kati ya R na D, nawe utakiri kwamba ziko ajali zenye kinga, mradi mwenye kuunda chombo akumbuke kuwa mkono wa binadamu hukosea.