Jinsi ya kujenga na kuendesha reli ndogo ya mfano nyumbani

UJENZI wa reli ndogo za mfano ni uraibu uliodumu kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zenye vipimo maalum katika maonyesho ya biashara mjini Leipzig, nayo kampuni ya Frank Hornby nchini Uingereza ikaanza kuuza magarimoshi yake mnamo 1920.

Wengi hudhani kuwa huu ni mchezo wa watoto. Hata hivyo, anayeujaribu hulazimika kuwa seremala, fundi wa umeme, mchoraji na msimamizi wa stesheni kwa wakati mmoja. Aidha, ni njia mojawapo ya kuhifadhi sura ya reli ambayo haiendeshwi tena jinsi wazee wetu walivyoijua.

Uchaguzi wa kipimo

Uamuzi wa kwanza, na ulio mgumu kubadilisha baadaye, ni kipimo. Katika kipimo kiitwacho HO, kila kitu hupunguzwa mara 87 na upana wa reli huwa milimita 16.5. Katika kipimo cha N, reli huwa na upana wa milimita 9 pekee, jambo linalowafaa wenye vyumba vidogo.

Mkenya anayetaka kuiga reli za nyumbani anapaswa kuwa makini hapa. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mnamo 2017 ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa 87 unapata takriban 16.5, hivyo reli ya kawaida ya HO inafaa kabisa.

Lakini reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mnamo 1896 na kufika Ziwa Victoria mnamo 1901, ina upana wa mita 1. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 11.5. Anayeiga reli hiyo hutumia njia ya milimita 12, ijulikanayo kama HOm. Akitumia ile pana, garimoshi litakwenda, ila atakuwa amejenga reli ambayo haikuwahi kuwapo enzi hizo.

Vifaa vingi vya HOm vinavyouzwa huiga reli za milimani nchini Uswisi. Kwa hivyo, anayetaka injini za Afrika Mashariki huenda akalazimika kuziunda mwenyewe. Mahali pazuri pa kuchukua michoro ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mnamo 1971, ambako injini kubwa ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa.

Nafasi na ubao

Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 470. Hata ikipunguzwa mara 87, itahitaji reli ya zaidi ya kilomita 5. Kwa sababu hiyo, chagua stesheni moja au daraja moja, wala usijaribu kubeba nchi nzima sebuleni.

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 yatosha mtu anayeanza. Upana wake ni mita 1.22, na kona yenye nusu kipenyo cha milimita 438 huhitaji milimita 876 tu pamoja na nafasi ya kando. Pigilia vipande vya mbao chini yake kila sentimita 40 ili usipinde. Usiweke reli zaidi ya sentimita 75 kutoka ukingoni, kwani garimoshi likianguka huko mkono hautalifikia.

Wakazi wa Pwani wanashauriwa kupaka ubao rangi pande zote ili usivimbe kwa unyevu. Kwingineko, adui mkubwa ni mchwa.

Miinuko pia huwaponza wengi. Ukipandisha reli sentimita 2 kwa kila mita, utahitaji mita 3.5 ili kupata kimo cha sentimita 7 cha kupita juu ya njia nyingine.

Umeme

Umeme wa nyumbani wa volti 240 haupaswi kamwe kufika kwenye reli. Kidhibiti maalum huupunguza hadi volti 12 za mkondo mnyoofu. Reli moja huupeleka kwenye injini, nyingine huurejesha. Volti zikiongezwa, mwendo huongezeka; mkondo ukigeuzwa, garimoshi hurudi nyuma.

Jihadhari na njia inayozunguka na kujirudia yenyewe, kwani reli ya kushoto hukutana na ya kulia na kusababisha shoti. Mahali hapo reli zote mbili hukatwa kwa pengo dogo na sehemu hiyo kupewa umeme wake.

Mfumo wa kidijitali, uliosanifiwa na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, huipa kila injini nambari yake. Kwa njia hiyo, injini mbili huweza kwenda kwa kasi tofauti kwenye reli moja.

Uendeshaji

Garimoshi linalozunguka tu huchosha baada ya juma moja. Wenye ubao mfupi hupenda chemshabongo iitwayo Inglenook, iliyobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Ina njia tatu, moja ya mabehewa 5 na mbili za mabehewa 3 kila moja. Kati ya mabehewa 8, mchezaji hupangiwa kwa kura msafara wa mabehewa 5. Mipangilio inayowezekana ni 6,720.

Reli zifutwe vumbi mara kwa mara kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa usitumiwe, kwa kuwa mikwaruzo yake huhifadhi uchafu. Mchanga wa mapambo uchekechwe, kisha upitishiwe sumaku, maana chembe za chuma huvutwa ndani ya mota na kuiharibu.

Mwisho, endesha garimoshi kwa siku kadhaa kabla ya kubandika milima na miti. Kosa la reli hurekebishwa kwa dakika chache likiwa wazi. Likishafunikwa na gundi na plasta, huenda ukalazimika kubomoa kazi ya miezi. Haraka haraka haina baraka.