Mwezi wa Kipande: Maneno ya Ujira na Muda wa Kazi katika Bagamoyo na Mrima wa Kaskazini

Kamusi zetu hufasiri ujira kuwa ni malipo ya kazi, na mshahara kuwa ni malipo ya kazi ya mwezi. Tafsiri hizo ni sahihi, walakini zanyamaza juu ya jambo lililowagombanisha watu wa Mrima tangu zama za misafara: mwezi ni siku ngapi, siku ni saa ngapi, na nani mwenye haki ya kuzihesabu. Wageni wengi waliopita pwani katika karne ya kumi na tisa, na maofisa wengi waliowafuata, waliandika kwamba mtu wa pwani hapendi kazi. Hukumu hiyo imerudiwa mara nyingi hata wenyeji wengine wakaisadiki. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa ushahidi wa maneno na wa historia ya Bagamoyo na jirani zake, kwamba ugomvi haukuwa juu ya kazi. Ulikuwa juu ya kipimo chake.

Tuanze na maneno. Ujira watokana na Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia ajira, neno ambalo siku hizi halikosekani katika gazeti lolote. Mshahara watokana na shahr, maana yake mwezi. Mshahara basi ni mapatano ya mwezi, si jina la fedha. Na mwezi aliokuwa akiujua mtu wa Bagamoyo ni ule wa mbinguni, unaoandama na kufa, wenye siku 29 au 30, ambao kwao alihesabu Ramadhani, eda ya mjane na deni la dukani. Hakuna aliyeweza kuurefusha. Bwana na mtumishi waliutazama pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na haki yake.

Katika biashara ya misafara mapatano yalikuwa ya namna mbili. Burton na Speke waliondokea Kaole mwaka 1857, na Stanley akaondokea Bagamoyo mwaka 1871. Wote walihitaji watu wa kubeba mizigo, na wote walikuta soko la kazi lenye desturi zake kamili. Wangwana wa Unguja waliandikwa kwa mwezi. Katika miaka ya 1870 na 1880 kiwango kilichozoeleka kwa mpagazi wa kawaida kilikuwa riale 5 kwa mwezi, na sehemu ya fedha hizo ililipwa kabla ya kuondoka, kwa miezi kadhaa, ili mtu awaachie watu wake nyumbani. Wanyamwezi, kinyume cha hayo, aghalabu waliandikwa kwa safari nzima, na malipo yao yalikuwa nguo: merikani, kaniki, doti kwa doti. Mzigo wa mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Juu ya ujira, pande zote mbili zilidai posho, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilizaa tabia mbili, nami naona wasafiri wengi waliisoma vibaya. Aliyeandikwa kwa safari alikuwa na kila sababu ya kwenda mbio, kwa kuwa kila siku iliyopotea njiani ilipotea kwake, na shamba lake lilimngoja mvua zisijaanza. Aliyeandikwa kwa mwezi hakuwa na sababu hiyo. Siku ya kupumzika kambini ilikuwa siku ya ujira kama siku nyingine. Msafiri akaona Wanyamwezi wakimwacha nyuma na Wangwana wakitaka kulala, akaandika juu ya tabia za makabila. Lau angaliandika juu ya mikataba yao angalikuwa karibu zaidi na kweli.

Siku ya msafara nayo ilikuwa na mipaka yake. Watu waliondoka alfajiri, kirangozi mbele, wakaenda mpaka jua linapokuwa kali, kisha wakatua. Kutua hakukuwa kupumzika: palikuwa na boma la miiba la kujenga, kuni za kukata, maji ya kuteka na nafaka ya kutwanga. Mzungu aliyehesabu saa za mwendo alipata saa tano au sita, akasema ni chache. Kazi za kambini hakuziingiza hesabuni, kwa sababu hazikuwa zikimpeleka mbele.

Pembeni mwa wapagazi walikuwapo watumwa, na bila ya hao hesabu ya kazi pwani haieleweki. Katika mashamba ya Unguja na ya Mrima desturi ilimwachia mtumwa siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, alime koonde lake. Wadachi walipoweka sheria yao ya mwaka 1901 hawakuifuta desturi hiyo, bali waliiandika: mtumwa awe na siku mbili zake katika juma. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Yafaa kukumbuka tarehe hiyo kila inaposemwa kwamba kazi ya ujira ilianza na utawala wa kizungu. Kwa muda mrefu kazi ya ujira na kazi ya utumwa zilikaa nyumba moja, pengine katika mwili wa mtu mmoja.

Ushahidi ni neno kibarua. Kwa asili ni barua ndogo, cheti. Katika miji ya pwani wengi waliofanya kazi za kutwa walikuwa watumwa waliojiajiri kwa ruhusa ya bwana zao: kuchukua mizigo forodhani, kusafisha gundi, kujenga. Mtu alipewa cheti cha siku yake, na jioni ujira uligawanywa, fungu la bwana na fungu lake mwenyewe. Hatimaye jina la karatasi likahamia kwa aliyeishika, naye akaitwa kibarua. Katika lugha si ajabu chombo kumpa mtu jina lake. La kuangalia ni kwamba neno lilibaki na cheti ndani yake, yaani na hesabu iliyoandikwa na mwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ametuachia sura nzima juu ya watumwa na mabwana katika kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Velten mwaka 1903. Msomaji wa sura ile huona jinsi cheo cha mtu, kazi yake na malipo yake vilivyokuwa fundo moja lisilofunguka.

Mwaka 1891 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1897 ikatangazwa kodi ya nyumba, na tangu hapo kila ujira ulipimwa kwa rupia za kodi. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, nasi tukabaki na neno hela, ambalo limeishi zaidi ya sarafu yenyewe. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Makumi elfu ya wapagazi waliokuwa wakishuka Bagamoyo kila mwaka hawakuhitajiwa tena. Wengine walirudi kwao kulima, wengine wakaingia katika mashamba ya katani upande wa Pangani na Tanga. Huko wakakutana na mwezi wa namna mpya.

Mwaka 1907, wilayani Wilhelmstal, yaani Usambara, serikali iliwapa watu kadi iliyowalazimu kufanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Lakini kipande kilichoenea na kudumu ni kile cha mashamba ya katani. Mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, karani alitia alama. Siku asiyofika hapakuwa na alama wala posho. Alama 30 zilipotimia ndipo alipolipwa, na muda wa kuzitimiza kwa kawaida ulikuwa takriban wiki sita. Malipo hayo yaliitwa mshahara wa mwezi.

Hapa msomaji anivumilie na hesabu kidogo, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Mtu aliyefanya kazi siku sita kwa juma, asikose ila Jumapili, alimaliza kipande kwa wiki tano. Katika mwaka mzima alipata vipande 10 na kitu. Aliyetumia wiki sita kamili alipata vinane na kitu. Ripoti zikaandika ujira kwa kipande, na wasomaji wakadhani ni ujira wa mwezi, wakazidisha mara kumi na mbili. Mtu huyo wa mara kumi na mbili hakuwapo shambani. Kodi, kwa upande wake, ilidaiwa kwa mwaka wa kalenda, na deni la Mhindi mwenye duka lilikwenda kwa mwezi wake. Mfanyakazi aliishi basi katika miezi mitatu kwa wakati mmoja: wa mbinguni, wa ofisi na wa kipande, na ule uliokuwa ukimlipa ndio uliokuwa mrefu kuliko yote.

Hata hivyo si haki kusema kipande kilichukiwa tu. Wenyeji wa jirani na mashamba wengi walikipenda kuliko mkataba, kwa sababu kiliwaachia siku za kwenda kupalilia mpunga, kuzika na kuoza. Waliobanwa zaidi ni manamba, walioletwa kutoka mbali kwa mikataba na kupewa namba, ndiko jina lilikotoka. Tangu mwaka 1944 waliletwa na ofisi ya wenye mashamba ambayo watu waliifupisha kwa kuiita Silabu. Manamba hakuwa na mpunga wa kwenda kuupalilia.

Na kazi yenyewe ilipimwa kwa wingi wake, haikupimwa kwa saa. Mkata katani alihesabiwa mafungu ya majani 30. Mpaliliaji alipewa ngwe, kamba ya kupimia ambayo jina lake lilikuwa limekwisha zoeleka katika mashamba ya pwani kabla ya katani kuja. Mwenye nguvu aliingia shambani alfajiri na mafungulia ng'ombe yalimkuta karibu na mwisho. Akimaliza, alikwenda zake. Maofisa walilalamika kwamba mtu anafanya kazi saa tano na kukataa ngwe ya pili; ni malalamiko yale yale ya msafara. Walitaka kununua siku, naye alikuwa amewauzia ngwe. Siku ya Kiswahili, tuseme kweli, hurahisisha mambo hayo, maana saa zake zahesabiwa tangu kuchomoza jua, na katika Bagamoyo urefu wa mchana hautofautiani hata saa moja mwaka mzima. Haikuwa lazima kuwafundisha watu wa pwani saa. Walikuwa nayo.

Wako wengine ambao hawakuingia katika mwezi wowote. Mvuvi huenda kwa bamvua na maji mafu, na wenye kuvua usiku kwa taa husubiri giza la mwezi. Malipo yao ni mafungu, la chombo, la nyavu, kisha la mabaharia. Fundi wa useremala alimfundisha mwanafunzi bila ujira miaka kadhaa, na mwishoni mwanafunzi ndiye aliyetoa kilemba. Wanawake washonao makuti hulipwa kwa idadi, na wale wa Mlingotini walimao mwani hulipwa kwa kilo. Saa zao hupangwa na maji kutoka, iwe alfajiri, iwe jua la utosi.

Bandarini mambo yalikuja kwa kishindo. Wachukuzi wa Mombasa waligoma Januari 1947, wale wa Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo, na wa Unguja mwaka 1948. Vibarua wa bandari walikuwa na siku bila mwezi: meli ikiwapo walikesha, isipokuwapo hawakulipwa. Walidai fedha, naam, lakini walidai pia wajulikane kuwa ni watu wa kazi hata siku isiyo na meli. Baada ya migomo hiyo ndipo waajiri walipoanza kuwapunguza vibarua na kuwaandika watu wa kudumu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma, zisizidi 9 kwa siku, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kazi za mashamba. Ukigawa kwa saa 195, ndizo saa za mwezi kwa juma la saa 45, wapata shilingi 512 na kitu kwa saa. Kwa mara nyingine mwezi una idadi inayoweza kusomwa na pande zote mbili, na hilo si dogo kwa mwenye mkataba mkononi.

Wengi hawanao. Kijana wa bodaboda aegeshaye kituoni Bagamoyo, ikiwa pikipiki si yake, kila jioni hupeleka kwa mwenye chombo fedha iitwayo hesabu. Fedha yapanda kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa mwenye mali, kama ilivyopanda kutoka kwa kibarua wa zamani, ijapokuwa huyu ni mtu huru na aweza kuirudisha pikipiki kesho. Akimpisha mwenzake amwendeshee kwa kutwa, huyo huitwa deiwaka. Saa za kazi za wote wawili huisha hesabu inapotimia. Isipotimia, huendelea mpaka abiria wa mwisho wa basi la Dar es Salaam ateremke.