Mkono Kabla ya Kalamu

Mwalimu wa darasa la kwanza aijua vyema taabu hii. Mtoto hutamka "baba" bila kukosea, huitambua herufi ubaoni, lakini akipewa kalamu huikamata kwa ngumi na kuigandamiza hata karatasi ikatoboka. Mara nyingi huambiwa kwamba ana hati mbaya, au kwamba ni mvivu. Kumbe ulimi na jicho vimekwisha kufika. Mkono bado uko njiani. Namna ya kuufikisha ni jambo walilobishania walimu wa Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, na ajabu ni kwamba mabishano hayo yalihusu vipande vya mti vya kuchezea.

Friedrich Froebel alizaliwa mwaka 1782 katika nchi ya Thuringia, Ujerumani. Kabla ya kushika ualimu alijifunza kazi ya misitu, na baadaye alifanya kazi Berlin katika makumbusho ya madini, akichungua fuwele na maumbo yake. Hapana shaka fuwele hizo hazikumtoka moyoni. Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, alianza kutengeneza vifaa alivyoviita zawadi, na mwaka 1840 akakipa chuo chake jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira 6 midogo ya nyuzi za sufu. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara, vyote vya mti. Ya tatu ilikuwa mchemraba mmoja uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa, kila kimoja na upande wa sentimita 2.5 hivi, ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kuchomoa. Mtoto alilipindua sanduku juu ya meza, akakivuta kifuniko kutoka chini yake, kisha akaliinua sanduku polepole. Mchemraba ukabaki umesimama mzima. Twamwomba msomaji autazame mwendo huo kwa makini. Mkono mmoja hushikilia, mwingine huvuta. Jicho hulinda vipande visianguke. Ndiyo kazi ile ile ya mwandishi, ambaye mkono wake wa kushoto hulituliza daftari na wa kulia huongoza kalamu, au kinyume chake kwa mwenye shoto.

Si watawala wote waliouona mchezo huo kuwa mchezo tu. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, kwa madai kwamba zilifundisha watoto ujamaa na kumkana Mungu. Ilidhaniwa pia kwamba Froebel na mpwa wake Karl, aliyekuwa na maandishi yake mwenyewe, ni kitu kimoja. Mzee alifariki mwaka 1852, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860.

Lakini hasara iliyofanywa na serikali haikuwa kubwa kama ile iliyofanywa na wafuasi. Baada ya kufa kwake, wengi waliigeuza zawadi kuwa gwaride: watoto wote wakae kimya, wote waweke kipande kimoja mahali pamoja, kwa amri ya mwalimu. Wakaongezewa na kazi za kutoboa karatasi kwa sindano, kitone kwa kitone, ambazo zilichosha macho na vidole. Miaka ya 1890 mtaalamu wa saikolojia Stanley Hall, wa Marekani, alipinga jambo hilo waziwazi. Misuli mikubwa ya bega na mkono, alisema yeye na wenzake, hupevuka kabla ya ile midogo ya vidole. Kumwanzishia mtoto kazi ya vidole ni kuanzia mwisho.

Huko Rumi, Maria Montessori alifuata njia nyingine. Alikuwa daktari, na alikuwa amesoma kazi za Wafaransa Itard na Séguin, waliofundisha watoto wenye ulemavu. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Miongoni mwa vifaa vyake kulikuwa na magogo madogo 4, kila moja lina matundu 10 na vizibo 10 vya ukubwa mbalimbali. Kila kizibo kina kirungu kidogo, nacho hushikwa kwa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Ni vidole vile vile vya kalamu! Mtoto akikosea, kizibo kimoja hubaki bila tundu, naye hujisahihisha bila kukemewa.

Kifaa hicho ni cha busara sana, wala hatuoni haya kukisifu. Hata hivyo, kizibo kina mahali pamoja tu pa kukaa, ambapo kipande cha Froebel chaweza kuwa kiti asubuhi na mashua jioni. Kwa mwalimu wa lugha tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa mtoto mwenye mashua ana la kusimulia. Sisi twaelemea upande wa mashua.

Upande huo uliendelezwa New York na Caroline Pratt, mwalimu aliyekuwa stadi wa useremala. Patty Smith Hill alikuwa ametangulia kutengeneza magogo makubwa ambayo watoto waliyajengea nyumba za kuingia ndani. Pratt, aliyefungua shule yake mwaka 1914, alichagua ukubwa wa kati: kipande cha sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5 hivi, ili upana uwe nusu ya urefu na unene nusu ya upana. Havikupakwa rangi, na hakujiwekea haki ya kuvitengeneza peke yake.

Watoto wa kwetu hawakungoja vyombo hivyo. Arushaye pia ya mti kwa kamba, au achezaye mdako, akirusha kijiwe juu na kuzoa vingine kabla hakijashuka, tayari amelipatanisha jicho na mkono. Akosacho darasani ni kazi ya kujenga. Kwa fundi seremala masalio ya mbao hutupwa au huchomwa. Vipimo vya Pratt ni hivyo hapo juu, na msasa hautatugharimu mengi.