Jiwe, Ngome na Ziwa: Safari za Siku Moja Kutoka Vwawa

Wazee wetu waliotoka Kutch na Kathiawar walizifahamu vema safari za siku moja. Mtu aliondoka alfajiri pamoja na jamaa zake, akazuru hekalu, akapita kwenye ngome ya wafalme wa kale, akanawa ziwani, na jioni akawa amerudi kwake. Si kila aliyetaka baraka aliweza kufika Kashi. Aliye mbali na Ganga alitafuta mto wa jirani. Na safari hizo zilikuwa pia darasa la watoto, kwa kuwa njiani waliambiwa ni nani aliyejenga kitu gani, kwa jasho la nani na kwa faida ya nani.

Sisi tunaoishi Vwawa, Mlowo, Tunduma na Mbeya tumewasimulia watoto wetu habari za Girnar na Dwarka, nao wengi wamezaliwa hapa na hapa ndipo kwao. Katika mwaka huu wa maadhimisho yafaa tuulize iwapo pana safari za namna hiyo karibu na mlango wetu. Makala hii yajibu kwamba zipo, na ni nyingi. Sharti lake ni moja tu: tuikubali historia ya njia hizi yote, ile ya kutufurahisha na ile ya kutuinamisha kichwa.

Mfano wa Junagadh

Tuanze kule walikoanzia wazee. Mji wa Junagadh, katika rasi ya Kathiawar, una vitu vitatu vinavyozurika kwa siku moja: ngome ya Uparkot, mlima Girnar wenye mahekalu yake, na, njiani kuelekea mlimani, mwamba mkubwa wenye maandishi. Mfalme Ashoka aliamuru maneno yake yachongwe juu ya mwamba huo katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwaka 150 hivi baada ya Kristo, mfalme Rudradaman akaongeza maandishi yake juu ya mwamba uleule, na katika karne ya 5 yakaongezwa mengine ya wakati wa Skandagupta.

Maandishi ya Rudradaman yanasimulia habari za ziwa. Sudarshan lilikuwa ziwa la kujengwa kwa tuta, lililoanzishwa zama za Chandragupta Maurya na liwali wake Pushyagupta. Zama za Ashoka likatiwa mifereji na Tushaspha, aliyeitwa Yavana, jina walilopewa watu wa magharibi kama Wayunani. Kisha ikaja tufani, tuta likabomoka, maji yote yakaondoka. Washauri wa mfalme waliona pengo ni kubwa mno wakakataa kazi hiyo, na raia wakakata tamaa. Aliyelijenga upya tuta hilo ni liwali Suvishakha, Mpahlava, mtu wa asili ya Uajemi. Mwamba unaeleza kwamba kazi ilifanywa kwa hazina ya mfalme mwenyewe, pasipo kuwabebesha raia kodi wala kuwatumikisha kwa nguvu.

Watu wawili kati ya hao waliotajwa kwa heshima walikuwa wenye asili ya ugenini. Walikumbukwa kwa sababu waliwatengenezea wenyeji maji yao. Tuyashike majina ya Tushaspha na Suvishakha tunapoanza safari zetu hapa Songwe.

Jiwe la Mbozi

Safari ya kwanza ni fupi kuliko zote. Katika kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, hapa hapa wilayani Mbozi, kimelala kimondo, bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Urefu wake ni zaidi ya mita 3, na uzito wake umekadiriwa kuwa tani 16 hivi, ijapokuwa vipimo vya zamani vilitofautiana. Takribani sehemu 90 kwa 100 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Hakuna dalili ya shimo la kuangukia linaloonekana leo, jambo linaloonyesha kwamba kilianguka zamani sana, kiasi kwamba mvua na udongo vilikwisha kufuta alama zake.

Vitabu hutaja mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipoliona jiwe hilo, kana kwamba ndipo lilipogunduliwa. Wanyiha walilijua kabla yake, na jina la kimondo si lake. Baadaye udongo uliolizunguka ulichimbwa na kuondolewa, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa saruji. Ndiyo maana mgeni wa leo hulikuta limekaa kama sanamu juu ya kiti chake.

Mwonyeshe mtoto jiwe hili, kisha mwambie jambo la pili. Wanyiha walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga matanuri marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma ya nchi hii, na kutokana nayo wakapata majembe, mashoka na mikuki. Kabla majembe ya kiwandani hayajafika madukani, ya baba zetu na ya wengine, watu wa hapa walikuwa na chuma chao wenyewe. Mfanyabiashara asiyejua hilo hudhani kwamba ustaarabu uliingia Mbozi ukiwa juu ya kaunta yake.

Njia na ngome

Ukielekea Tunduma, unakaribia njia ambayo haina jengo la kutazama ila iliamua mipaka ya nchi. Mwaka 1881 ilianza kujengwa barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa, kutokea Karonga, na Ziwa Tanganyika. Fedha alizitoa tajiri wa Uskoti, James Stevenson, na barabara ikachukua jina lake. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 na kazi haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo wapagazi waliipita njia hiyo wakiwa wamebeba vipande vya meli ya wamisionari, Good News, iliyoshushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1885.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliiacha barabara hiyo upande wa Waingereza. Hivyo ndivyo mpaka wa Tunduma na Nakonde ulivyopata mahali pake: mstari uliochorwa Ulaya kwa ajili ya barabara ambayo haijakwisha, ukawakata Wanyamwanga vipande viwili. Msongamano wa malori tunaoulalamikia kila wiki una umri wa zaidi ya miaka 130.

Aliye na pasipoti na aliyeondoka mapema aweza kufuata njia ya Tukuyu, Kyela na Kasumulu hadi Karonga. Huko, katika miaka ya 1880, Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alijizungushia maboma ya magogo na udongo. Aliwashambulia Wangonde, na tangu mwaka 1887 hadi 1889 akapigana na kampuni ya Waingereza iliyokuwa Karonga. Vita hivyo vya kwanza viliishia kwenye mapatano. Desemba 1895 Harry Johnston, kamishna wa Uingereza, alirudi na jeshi, boma likavunjwa, Mlozi akakamatwa, akahukumiwa na kunyongwa.

Ngome nyingine zadai siku mbili au tatu. Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, ilikuwa boma la Wajerumani hadi majeshi ya Waingereza yalipoitwaa mwaka 1916. Mbala, iliyoitwa Abercorn, ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Pale msomaji awakumbuke kwanza wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Mikono yetu ndani ya historia hiyo

Hapa ndipo sharti tulilolitaja linapotugusa. Miongoni mwa askari waliovunja boma la Mlozi walikuwamo Masingasinga, waliochukuliwa kutoka jeshi la India. Waliwasaidia watu kutoka katika minyororo, nalo ni jambo la kuwashukuru. Lakini jeshi hilohilo lilikuwa mkono wa utawala wa kikoloni, uliowatoza wenyeji kodi katika ardhi yao wenyewe. Mtoto aambiwe yote mawili.

Hali ni hiyohiyo kwa wafanyabiashara. Misafara ya pembe iliyotoka Zanzibar kuja kwenye maziwa makuu ilitegemea mali kauli ya Wahindi wa pwani: nguo, shanga na nyaya zilizotolewa leo, zilipwe kwa pembe baada ya miaka. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya kati ya karne ya 19, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, Mhindu kama sisi. Na pembe hizo mara nyingi zilisafiri pamoja na watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Kanali Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwao.

Hatuandiki haya ili kuwatukana waliotutangulia. Wengi wa wazee wetu walikuja baadaye, maskini, na duka moja la bati. Lakini familia inayojivunia daftari lililotunzwa vizuri haiwezi kuchana kurasa zisizopendeza. Mgonde aliyeko Karonga anaijua historia ya babu yake, na urafiki wetu naye utakuwa na mashiko zaidi nasi tukiijua ya babu zetu.

Maziwa mawili na msitu mmoja

Rigby huyohuyo anatupeleka kwenye maziwa. Alimpa mvumbuzi Speke maandishi na ramani ya chanzo cha Mto Nili, iliyosemekana kutoka katika Purana, na Speke akaichapa katika kitabu chake cha mwaka 1863. Wapo hata leo wanaoitaja kuwa ushahidi kwamba rishi wa kale waliyafahamu maziwa ya Afrika. Ramani hiyo ilitokana na makala ya Francis Wilford, afisa Mwingereza aliyekuwa India, naye Wilford mwenyewe alikwisha kukiri mwaka 1805 kwamba pandit wake alimdanganya kwa kughushi maneno. Hatuhitaji undugu wa kubuni na maziwa haya. Undugu wa kweli hujengwa kwa kuyafikia na kuyatunza.

Ziwa Ngozi liko milima ya Poroto, kwa mtu anayepita Mbeya kuelekea Tukuyu. Ni ziwa la kreta ya volkano. Hulioni mpaka umepanda kwa miguu ndani ya msitu, na ghafla liko chini yako, kijani, limezungushiwa kuta za miti. Ziwa Rukwa ni la namna nyingine: pana, lenye chumvi, lisilo na mto unaotoka, likipanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua. Mito yetu ya Momba na Songwe humwaga huko. Mto mwingine, nao waitwa Songwe, hukimbilia Ziwa Nyasa ukiwa mpaka wa Tanzania na Malawi. Hivyo mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2016, umekaa kwenye mgongo wa nchi, ambapo mvua ya mashamba ya kahawa ya jirani wawili yaweza kuishia katika maziwa mawili tofauti. Kila mti ukatwao kwenye vyanzo vya mito hiyo ni kama jiwe lililong'olewa kwenye tuta la Sudarshan.

Karibu na Tukuyu upo pia Lubaga, mahali pa Lwembe, palipokuwa na msitu mtakatifu wa Wanyakyusa. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwao miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ibada za mahali hapo za kuomba mvua na mavuno. Haupaswi kuwa ugeni kwetu utakatifu usio na kuta. Sisi tunaovua viatu kabla ya kuingia hekaluni tunajua namna ya kusimama mbele ya mahali pa watu wengine: kuomba ruhusa, kushusha sauti, kutochukua kitu, na kutopiga picha kabla ya kuambiwa karibu.

Namna ya kusafiri

Neno tirtha, tulitumialo kwa mahali patakatifu, asili yake ni kivuko, pale mtu anapoweza kupita mto kwa miguu. Watu wa mji wa mpakani wanalielewa neno hilo kuliko wengi. Basi tuanze na kivuko kilicho karibu. Vijana wa hekalu letu waende Ndolezi kwanza, katika Jumapili moja ya kiangazi, wakati njia ni kavu. Wasiende peke yao. Waende pamoja na wanafunzi wenzao wa Kinyiha na Kinyamwanga, na mzee wa kijiji awe ndiye msimulizi. Mwaka unaofuata wapande Ngozi; wakishakomaa waende Karonga.

Kila mmoja akirudi aandike ukurasa mmoja: aliona nini, nani alikijenga au kukitunza, na watu wetu walikuwa na sehemu gani hapo. Kurasa hizo ziwekwe katika maktaba ya hekalu. Mwamba wa Junagadh ulisubiri karibu miaka 400 kati ya maandishi ya Ashoka na yale ya Rudradaman, kisha miaka 300 mingine. Sisi hatuna haja ya kusubiri hivyo. Kitabu cha maadhimisho yajayo chaweza kuandikwa na wale ambao leo tunawashika mkono.